Maji Aliyoyameza Dorah

Wewe, kama jina lako lingeandikwa kwenye kioo cha nyuma cha gari kwa herufi za kung'aa, halafu gari hilo likamkatisha mtoto wa watu mguu, ungeitika watu wakikuita?

Mimi sikuitika. Miezi saba nilikaa kimya katika nyumba yangu ya vigae hapa Ibadakuli, na kama ningekaa kimya tu ingekuwa nafuu. Nilisema. Nilisema uongo, tena uongo uliopangwa vizuri kama vyombo kabatini.

Jina langu ni Mbuke. Kwetu Usukumani mwimbaji hupenda kujiita kwa jina la mzazi wake, na mwanangu Magesa alipoanza kuimba kwenye maharusi alijiita Ng'wana Mbuke, yaani mtoto wa Mbuke. Nilifurahi, nisikudanganye. Baba yake alifariki Magesa akiwa na miaka minne, kwa hiyo niliona kijana amenilipa fadhila. Leo hakuna machimbo kuanzia Segese hadi Buseresere ambako nyimbo zake hazipigwi. Wachimbaji wanavaa fulana zenye jina langu. Kuna duka la nyama Geita linaitwa Ng'wana Mbuke, na mwenyewe simjui. Nikienda sokoni akina mama wananiachia nafasi, wananiongezea nyanya mbili juu ya fungu. Nilizizoea nyanya zile.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili ya mwezi wa nane. Magesa alikuwa na onyesho Segese, na mwanawe Benjamini, mjukuu wangu wa kwanza, alifuatana naye; alikuwa na umri wa miaka ishirini, hana leseni. Jioni, jua bado lipo, alichukua gari la baba yake, lile lenye jina langu kwenye kioo cha nyuma, kwenda kununua chipsi. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu, anajirekodi akiimba wimbo wa baba yake. Pembeni ya barabara alikuwa anapita binti wa miaka kumi na saba, Dorah, anatoka kwa fundi anayemfundisha cherehani na mfuko wa vipande vya kitenge. Gari lilimponda mguu wa kulia, juu ya goti. Hospitali walijaribu siku nne, siku ya tano wakaukata.

Usiku wa Jumapili ile ile Magesa alinipigia simu.

"Mama, Beni yuko kwako tangu Ijumaa."

"Hayupo. Mbona hujaniambia anakuja?"

"Mama, nisikilize. Yuko kwako tangu Ijumaa. Gari alikuwa nalo Herman. Wakija kukuuliza, useme hivyo. Asubuhi Beni atakuwa hapo."

Herman ni dereva wake wa miaka tisa, kijana mpole wa Ngara, ndiye aliyekuwa akinibebea ndoo ya maji kila akija. Sikuuliza kwa nini Herman. Hapo ndipo ninapoanza kuona aibu. Nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, kwa hiyo sikuuliza.

Askari alikuja Jumatano, kijana mstaarabu, akaniamkia shikamoo na kuvua viatu mlangoni. Nikampa michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, niliyoichemsha na karanga. Akaniuliza mjukuu wangu alikuwa wapi Jumapili. Sasa mimi Mungu kanijalia kukumbuka vitu vidogo. Ninakumbuka rangi ya khanga niliyovaa siku ya ubatizo wa kila mtoto wangu. Nikamwambia Benjamini alikaa kwenye kigoda kile, chenye mguu uliofungwa waya. Alikula michembe mabakuli mawili, la pili akaomba maziwa ya mgando. Alivunja mpini wa kikombe cha bluu, nami nikamwambia wewe ni wa kuimba, siyo wa kuosha vyombo. Nikamletea askari kikombe chenyewe akione.

Yote yalikuwa kweli. Ila yalitokea Jumapili mbili kabla.

Yule askari aliandika, akacheka, akasema, "Bibi, wewe unakumbuka kuliko vijana." Na mimi, ninaona haya hata kuandika, nilifurahi kusifiwa. Baada ya siku tatu Herman aliingia mahabusu. Mwenyewe alikuwa ameshakubali kwamba ni yeye. Mkewe akawa anapelekewa unga na sukari kila mwezi kutoka nyumbani kwa Magesa.

Mwezi wa kumi watu walianza kunong'ona. Kule Segese ilisemekana binti amekataa, anasema aliyemgonga hakuwa mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa kijana. Magesa akaja hapa na wenzake wawili wa kundi. Alikaa sebuleni chini ya picha yake kubwa.

"Mama, tunakwenda kuomba radhi Segese. Kwa mila. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, utashika kata ya maji."

Nikuelezee mila hiyo. Kwetu mtu akimkosea mwenzake kosa zito, wanakaa uani pamoja na wazee. Mkosaji anasimama na kulitaja kosa kwa mdomo wake mwenyewe, asipunguze. Mzee anashika kata ya kibuyu yenye maji, anachukua funda moja na kulipuliza chini, kwamba ubaya utoke. Kisha anampa aliyekosewa. Naye akichukua funda na kulipuliza nje, hasira imetoka, na haruhusiwi tena kuirudia. Ndivyo nilivyoona bibi yangu akifanya. Watu walikuwa sita au saba, na kuku wakipita katikati.

Sisi tulikwenda na magari matatu. Tulibeba ng'ombe, magunia ya mchele na kamera mbili. Tulibeba pia cherehani mpya, imefungwa utepe mwekundu. Ilipotelemshwa watu wakashangilia, nami nikaitazama miguu yake ya chuma na ile sahani ya kukanyagia chini. Cherehani ya kukanyaga. Nikatazama pembeni, huku na huku, nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Dorah alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, khanga imefunika mapaja, magongo mawili yameegemea ukuta. Msichana mwembamba, nywele zimesukwa mistari midogo midogo, kila mstari umenyooka kama tuta la mkulima mzuri. Mama yake, Agnetha, alisimama nyuma yake. Ni mwanamke wa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Vidole vyake vimejaa makovu ya vipande vilivyoruka.

Magesa alisimama, akavua kofia. "Dereva wangu Herman alikosea," alisema, na sauti yake ile nzuri ikatetemeka pale ilipopaswa kutetemeka. "Yeye yuko mikononi mwa sheria. Mimi kama baba yake kikazi naomba radhi."

Dorah akasema, siyo kwa nguvu, "Yule aliyesema anakuja yuko wapi?"

Mama yake akamshika bega. "Nyamaza, Dorah. Daktari alisema ni damu ilikutoka nyingi, ukaota."

"Sikuota."

"Ana uchungu, tumwelewe," Magesa aliiambia kamera. "Mama, maji."

Nikachukua funda, nikapuliza. Kijana wa kamera akasema, "Bibi, rudia kidogo, mwanga haukukaa vizuri." Nikarudia. Akasema mara moja tena, nisimame upande huu ng'ombe aonekane. Nikarudia mara ya tatu. Kisha nikampelekea Dorah ile kata. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akachukua funda lake. Akanitazama usoni. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Aliyameza.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu kundi lilikuwa limeshaanza kuimba.

Baada ya siku mbili jirani yangu Mwamvua, mwenyeji wa Tabora, anayepika vitumbua pale njia ya kwenda uwanja wa ndege, alikuja na simu yake. Mwamvua hana simile na mdomo wake.

"Mama Magesa, umependeza kwenye klipu. Watu laki tatu wamekutazama ukitema maji."

"Hayatemwi, yanapulizwa."

"Haya, yanapulizwa. Na kwenu anayeombwa radhi naye anapuliza au anakunywa?"

"Anapuliza."

"Basi huyu binti kakunywa, tazama." Akairudisha nyuma picha kwa kidole chenye unga. "Tena kakunywa huku anakutazama wewe. Ulimfanya nini mtoto wa watu?"

Nikamwambia kitumbua chake kinaungua. Alikuwa hajabeba kitumbua chochote.

Benjamini alikuwa amehamishiwa kwangu ili asionekane mjini. Hakwenda popote. Asubuhi alifagia uwanja, mchana alikaa na mimi kubangua karanga, na gari likipiga breki barabarani alikuwa anafumba macho. Alikonda mpaka mkanda ukaongezewa tundu kwa msumari. Mimi nilimpikia kila alichokipenda, kwa sababu kupika ni rahisi kuliko kuuliza. Mwezi wa kumi na moja ukapita, Krismasi ikapita, tukapanda mahindi, tukapalilia. Herman bado yuko ndani.

Mchana mmoja wa mwezi wa tatu, tumekaa barazani na ungo wa karanga katikati yetu, nikasema.

"Beni."

"Naam, Bibi."

"Siku ile ulimwambia nini yule binti?"

Vidole vyake havikusimama. Ila alianza kutupa karanga kwenye maganda, na maganda akayaweka kwenye bakuli. Nilimwacha. Bakuli lilikuwa linakaribia kujaa maganda aliposema.

"Nilimwambia nakuja."

"Nini?"

"Nilishuka, Bibi. Nilishuka kwenye gari. Alikuwa ananitazama. Akaniambia kaka, usiniache. Nikamwambia nakuja, dada, nakuja sasa hivi. Nikaenda pembeni kumpigia baba. Baba akasema nisirudi pale, nipite njia ya nyuma. Nikapita."

Nilimkumbuka yule binti akiuliza aliyesema anakuja yuko wapi, na mama yake mzazi akimwambia ameota, na mimi nimesimama pale na kata ya maji.

"Mimi nilisema uongo kwa ajili yako," nikamwambia, "na hata hukuniomba. Kwa hiyo huo ni wangu, sikubebeshi. Lakini Herman anakaa ndani kwa sababu ya kikombe changu cha bluu. Jumatatu ninakwenda polisi kuyafuta maelezo yangu. Kabla ya hapo, Jumamosi, ninakwenda Segese. Aliyeumizwa ndiye husikia kwanza."

"Baba ataniua."

"Baba yako hajui hata kuchinja kuku. Sikusema twende. Nimesema ninakwenda."

Jumamosi alfajiri nilipotoka na kikapu changu nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda cha waya, amevaa viatu.

Tulipofika stendi ya Kahama Magesa akapiga simu. Sijui nani alimwambia. Nafikiri Beni mwenyewe, hajawahi kumficha baba yake kitu.

"Mama, rudi nyumbani. Hujui unachofanya. Nina watu ishirini na mbili wanakula kwa jina hili."

"Jina gani?"

"Mama."

"Jina gani, Magesa?"

"Ng'wana Mbuke."

"Mbuke ni mimi. Jina hilo nilirithi kwa bibi yangu, alikuwa mfinyanzi, hakuwahi kumdhulumu mtu hata chungu. Wewe nilikuazima. Ukirudi nyumbani leo, chukua wembe ukwangue kile kioo."

Magesa akasema kwa sauti ya utotoni, ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, "Mama, ni mwanangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Nilifanya kama wewe. Ndiyo maana ninakwenda." Nikampa Beni simu aizime, maana mimi kuzima siwezi.

Agnetha tulimkuta uani, chini ya turubai, anaponda mawe. Analishika jiwe kwa pete iliyokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke, na kila akipiga nyundo anafumba jicho moja. Beni akasema shikamoo mama, na yeye akaitika marahaba kabla hajainua kichwa. Alipotuona akaweka nyundo chini.

"Mwadila, mayu," aliniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. Watu wa adabu wale, hata kwa mtu kama mimi. "Kamera mmeziacha wapi leo?"

"Hatuna kamera."

"Na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe."

"Basi karibuni," akasema, na sikujua kama ni mzaha.

Dorah alikuwa mlangoni, anashona kwa mkono, sindano na uzi, pindo la gauni la mtoto. Nyuma yake ndani niliiona ile cherehani. Utepe mwekundu ungali umefungwa. Juu yake wamepanga masufuria.

Nikaenda mbele yake nikapiga magoti. Magoti yangu ni ya miaka sabini na moja, yalichukua muda, na ilibidi nishike mwimo wa mlango. Agnetha akaja mbio.

"Mayu, inuka. Mkubwa kumpigia mtoto magoti ni mkosi, unataka kutulaani?"

"Mkosi nilishauleta. Niache niutoe." Nikamgeukia binti. "Dorah, mimi ndiye niliyewaambia polisi mjukuu wangu alikuwa kwangu siku ile. Hakuwa kwangu. Nilisema alikula michembe na maziwa ya mgando, nikaonyesha kikombe. Ilikuwa siku nyingine. Nilijua ninachofanya. Halafu nikaja hapa nikapuliza maji juu ya uongo huo mara tatu, kwa sababu mwanga haukuwa mzuri. Hilo ndilo kosa langu. Silipunguzi."

Dorah alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Beni, aliyesimama uani karibu na rundo la mawe, mikono imening'inia. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka usoni.

"Sema," nikamwambia Beni bila kugeuka.

Alijaribu mara mbili, sauti haikutoka. Baba yake anaimba mbele ya maelfu. Mara ya tatu akasema, "Ni mimi niliyekuwa naendesha. Herman hakuwepo. Nilikuwa najirekodi kwenye simu, sikukuona. Nilishuka. Ukaniambia nisikuache. Nikasema nakuja, nikakuacha."

Agnetha alikaa chini palepale kwenye mavumbi ya mawe. Alijifunika uso kwa khanga. "Mimi mwanangu nilimwambia umeota," alisema ndani ya khanga. "Miezi saba. Kila akisema, ninamwambia umeota, nyamaza, hawa wakubwa wametuletea mchele."

Mambo ya polisi yalifuata Jumatatu. Herman alitoka, Beni akaingia, na mimi nikahojiwa kwa ule uongo wangu. Yule askari wa michembe ndiye aliyeniandika tena, na safari hii hakucheka. Kesi bado inaendelea. Sokoni nyanya zile mbili siongezewi tena. Magesa hajaja kwangu mpaka leo, ila nimesikia gari linatembea na kioo kitupu. Lakini hayo yana watu wengi wa kuyasimulia, na wengine wana kamera. Mimi ninasimulia ya pale mlangoni.

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikamuuliza Dorah, "Mjukuu wangu, siku ile maji uliyameza. Mimi niliona. Sikuja kukuomba uyapulize leo, hayo ni yako, kaa nayo kadiri unavyotaka. Nimekuja kuuliza kitu ambacho hatukukuuliza. Tulikuletea ng'ombe, tukakuletea cherehani ya kukanyaga. Wewe mwenyewe ulitaka nini?"

Aliingiza sindano kwenye kitambaa, akaivuta, akafunga fundo na kukata uzi kwa meno. Akalikunja lile gauni dogo, akaliweka pajani.

"Nilikaa pale barabarani ninaangalia alikoenda," alisema. Alikuwa anamwambia Beni. "Watu walinikuta, wakataka kuninyanyua, nikawaambia ngojeni, kuna mtu anakuja. Hata hospitali niliwaambia hivyo. Wakasema ninaweweseka."

Beni alikuwa analia bila kujifuta.

"Ng'ombe sikutaka," Dorah alisema. "Nilitaka uje."